Chupa Mapajani mwa Delmer

Arlys Brekke alikuwa amevua buti moja tu aliposikia mlio ukitoka jikoni. Chaka, chaka, chaka. Mlio mdogo, mkavu, wa vitu vidogo vingi vinavyogongana ndani ya kioo. Alikuwa amekawia bandani robo saa zaidi ya alivyokusudia, maana maji ya kuku yalikuwa yameganda tena na ilibidi avunje barafu kwa kisogo cha shoka. Robo saa si kitu. Lakini kwa mwenye mgonjwa kama wake, robo saa ni safari.

"Delmer?" aliita toka mlangoni. "Unafanya nini huko, mzee wangu?"

"Nakagua mbegu!" mumewe alijibu kwa sauti changamfu kabisa. "Dengu za mwaka huu safi sana, mama. Njoo uone."

Arlys alitabasamu peke yake. Tangu Februari ianze, Delmer alikuwa mtu wa kukaa dirishani tu, akiuliza kama saa ya kulala imefika. Leo amepata kazi ya mikono, heri aifanye. Akadhani amefungua ule mfuko wa dengu za supu kabatini. Akaingia jikoni hivyohivyo, mguu mmoja una buti, wa pili una soksi.

Delmer alikuwa amevuta kiti chake mpaka karibu na jiko la kuni. Amevaa sweta lake la sufu, na magotini amejitandikia lile blanketi laini la dukani ambalo likisuguliwa hutoa cheche. Mapajani kaibana chupa kubwa ya kioo, ya kuhifadhia matango ya siki, nayo imejaa zaidi ya nusu. Alichovya mkono ndani, akachota, akaziacha zidondoke katikati ya vidole zirudi chupani, kama mkulima apimaye mavuno yake. Chaka, chaka.

Jua la mchana liliingia dirishani likapiga zile mbegu, zikameremeta.

Dengu hazimeremeti.

Damu ikamsimama Arlys. Alijua palepale ni nini, ingawa yeye hakuwa mtu wa bunduki. Zilikuwa fataki: vile vikombe vya shaba, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vinavyopachikwa kwenye kitako cha risasi. Bunduki ikifyatuliwa, pini hugonga fataki, fataki hutoa moto, moto huwasha baruti. Kazi yake duniani ni hiyo moja tu, kugongwa na kulipuka. Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe nyumbani, kama wengi wafanyavyo huku kwetu Montana theluji ikifunga njia, hawezi kufanya kitu bila fataki, na akiwa na akili huziogopa kuliko hata baruti.

Na Delmer alikuwa na akili. Miaka karibu arobaini alijaza risasi katika chumba kidogo kando ya gereji, na nusu ya kaunti ilijifunza kazi hiyo kwake, watu wanne wanne kila Januari. Somo la kwanza lilikuwa fataki, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mashine kabla ya kulijua. Vaa miwani. Toa zile unazohitaji sasa hivi, nyingine zibaki kwenye boksi lake. Mashine ikigoma, usiilazimishe. Na kamwe usizimimine pamoja chupani.

"Kwenye boksi kila moja ina kitanda chake," alizoea kuwaambia. "Moja ikilipuka, jirani ana nafasi ya kupona. Ukizimwaga pamoja umetengeneza bomu, tena umelishika mwenyewe."

Kisha angewasimulia habari za jamaa wa kaunti ya jirani aliyezimwaga chupani ili asihangaike na maboksi, akaitikisa chupa ili ziteremke vizuri. Hakueleza sana. Alikuwa akiweka mikono yake miwili mezani, anaitazama, halafu anaificha chini ya meza. Arlys, aliyekuwa akiwapelekea kahawa, aliiona ile mikono ikifichwa chini ya meza mara zisizo na idadi.

Sasa mikono ileile ilikuwa ndani ya chupa.

Ilikuwaje zikabaki? Daktari alipothibitisha ule ugonjwa wa kusahau, mtoto wao Layne alikuja na pikapu akachukua bunduki zote, akachukua makopo ya baruti, akang'oa hata mashine. Akakifagia chumba mpaka kikawa kitupu. "Nimemaliza, mama, lala salama," alisema. Lakini Delmer, kwa uangalifu wake, hakuwahi kuweka fataki na baruti chumba kimoja. Fataki aliziweka mbali, katika kabati la mbao chini ya ngazi za ndani, nyuma ya mapambo ya Krismasi. Layne hakukumbuka. Arlys hakukumbuka. Aliyekumbuka ni yule aliyesahau kila kitu.

"Mbona umesimama kama nguzo ya uzio?" Delmer aliuliza. "Njoo, shika uone uzito wake."

Arlys hakusogea. Alikuwa hatua nne kutoka kwake, na hatua tatu za mwisho zilikuwa juu ya zulia. Wiki nzima hewa ilikuwa kavu kama karatasi. Asubuhi hiyo hiyo aligusa bomba la sinki likamuuma kidoleni, tah! akaona na cheche ya umeme wa msuguano wa sufu. Aliitazama soksi yake ya sufu. Alilitazama blanketi. Hakujua cheche kama ile inatosha au haitoshi. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba hajui. Miaka yote ile ya kupeleka kahawa hakuwahi kukaa kusikiliza somo mpaka mwisho.

"Nzuri sana, naziona," alisema. "Niwekee chini hiyo chupa, mzee wangu, uje unisaidie maji ya kuku."

"Kuku wana miguu. Waje wanywe."

"Basi njoo mezani unywe kahawa."

"Niletee hapahapa. Mfalme hahami kiti." Akacheka, na tumbo lilipocheka chupa nayo ikacheza.

Arlys aliwaza kwenda kuchukua simu kwenye koti lake, lakini koti lilikuwa kwenye kigingi cha mlango wa nje, na angelazimika kumpa mgongo. Aliwaza kukimbia. Ndiyo, aliwaza, na miaka mingi baadaye hakuficha kuwa aliwaza: mlango uko nyuma yangu, hatua sita niko nje. Kisha akamtazama mumewe usoni, akaona makunyanzi ya furaha pembeni mwa macho, ambayo hakuyaona tangu kiangazi.

Avue buti lililobaki? La, kuinama kungemkawiza. Akapiga hatua moja, polepole, buti mbele, soksi nyuma. Akanyoosha mkono.

"Nipe basi nikusaidie kuishika, nzito hiyo."

Uso wa Delmer ukabadilika. Ugonjwa ule ulikuwa hivyo. Furaha na hasira vilikaa chumba kimoja bila ukuta. Akaikumbatia chupa kifuani.

"Usiniguse! Kila kitu mnanichukulia! Gari mmechukua, funguo mmechukua, sasa na mbegu?" Na kwa kila neno aliitikisa, chaka, chaka, chaka, kama mtu anayemtishia mbwa kwa kopo la mawe. "Hizi ni zangu! Zangu!"

Arlys alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota friji. Alifumba macho bila kutaka. Alisikia kila punje ikigonga mwenzake, na kwa kila mgongano mwili wake uliungoja mshindo. Akasema, "Ni zako. Ni zako, Delmer. Hakuna anayekunyang'anya. Samahani, bwana. Ni zako."

Mtikiso ukapungua. Ukakoma.

Alipofungua macho, mumewe alikuwa ametulia tena, anahema. Amechukua fataki moja kati ya kidole gumba na cha shahada, anaigeuzageuza mwangani.

"Sijui kama zimekauka sawasawa," alisema, sauti ya kazini. "Tuone."

Akaitia mdomoni.

Kila mkulima wa huku hupima mbegu hivyo. Unaiweka kati ya magego unaiuma. Ikipasuka kwa mlio imekauka, ikibonyea bado ina maji. Arlys alimwona baba yake akifanya hivyo, akamwona Delmer akifanya hivyo mavuno baada ya mavuno. Aliona shavu la mumewe likituna, taya ikijipanga, ulimi ukiisogeza ile shaba nyuma kwenye jino lenye nguvu.

Hakuwa na muda wa kuchagua neno. Lilimtoka lenyewe, kwa sauti kali ya mke wa shamba:

"Delmer! Mbegu ya dawa hiyo!"

Taya ikasimama.

"Imepakwa dawa ya ukungu! Hukuona rangi? Tema! Tema upesi, utakufa!"

Ptuu! Delmer alitema kwa nguvu zake zote. Kile kikombe kikaruka, kikagonga mahali fulani chini, tik, kikapotea. Arlys alisubiri. Hakikulipuka. Delmer alikuwa anafuta ulimi kwa mkono wa sweta, macho yamemtoka. Alikuwa amesahau jina la mjukuu wake, lakini kwamba mbegu iliyopakwa dawa hailiwi, hilo lilikuwa ndani ya mifupa.

"Nani kaleta mbegu ya dawa jikoni?" alifoka. "Mahali pa kupikia! Wazimu gani huu!" Na kabla Arlys hajapumua, mzee akasimama, blanketi likaanguka likilia tsss kwa cheche, chupa mkononi. "Naenda kuitupa huko nje!"

Maneno yaliyomwokoa dakika ile sasa yalikuwa yakitaka kumuua. Alimwona tayari akiizungusha chupa hewani na kuirusha juu ya vigae vya ngazi.

"Kuku!" Arlys alisema. "Delmer, kuku wangu! Ukiimwaga watadonoa, watakufa wote. Hata moja isidondoke."

Delmer akatulia. Akaitazama chupa, akaitazama sakafu. "Kweli," alisema. "Kuku."

"Ibebe kwa mikono miwili. Polepole. Mimi nitafungua mlango."

"Najua kubeba mbegu, mwanamke. Nimebeba mbegu kabla hujazaliwa."

"Umenizidi miaka minne tu."

"Ndiyo hiyo minne."

Akafungua mlango wa kwanza. Kwenye zulia, karibu na kiti, aliona fataki tatu au nne zimelala, zinang'aa. Delmer alipita pembeni yake, kiatu chake kikapita upana wa kidole kutoka mojawapo. Arlys alitaka kusema, akaogopa kusema. Mlango wa pili. Baridi ikawapiga usoni.

Ngazi zilikuwa tatu, na barafu imezitanda kama glasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuzimwagia chumvi asubuhi. Akatangulia, akageuka, akatandaza mikono yake hewani chini ya chupa bila kuigusa, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kama akianguka nitaidaka, alijiambia, na papo hapo akajua kwamba hilo ni wazo la mjinga, kwamba akianguka hakutakuwa na kudaka. Lakini mikono haikushuka.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu kisigino cha Delmer kikateleza. Mwili ukaenda mbele, chupa ikainama, fataki zikakimbilia mdomoni mwa chupa kwa mlio kama wa mvua. Mbili zikaruka zikatumbukia thelujini bila sauti. Delmer akasimama imara, akiguna.

"Umeona?" alisema kwa majivuno. "Mguu wa mkulima."

"Nimeona," alisema Arlys. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba meno yaligongana, na akayauma pamoja ili yasitoe mlio.

Wakavuka uwanja. Ni hatua hamsini mpaka kwenye safu ya vichaka vinavyokinga upepo, pale lilipo lori la zamani lisilo na magurudumu. Arlys alihesabu kila moja. Soksi yake ilikuwa imelowa na sasa inaganda, mguu haumo tena mwilini mwake. Delmer aliuona, akaanza kucheka.

"Mama, una buti moja."

"Lingine nimemwazima jogoo."

"Mwizi huyo. Hatarudisha." Chupa ikacheza tena kwa kicheko, na Arlys akajilaani kwa kufanya utani.

Nyuma ya lori theluji ilikuwa laini. "Hapa," alisema. "Iweke hapa chini, taratibu."

Delmer aliinua mkono badala yake, akapima upepo. "Naweza kuirusha mpaka ng'ambo ya uzio."

"Itapasuka, kulungu watakula. Iweke, mpenzi wangu. Tafadhali."

Sijui ni kulungu au ni lile tafadhali. Mzee alishusha mkono, akakunja magoti yake mabovu kidogo kidogo, akaitua chupa thelujini kama mtu anayelaza mtoto. Kisha, badala ya kuinuka, akaingiza mkono mfukoni akatoa kifuniko cha bati.

"Ngoja nifunge, unyevu usiingie."

Arlys aliona mdomo wa chupa. Fataki mbili zilikuwa zimekwama kwenye mikunjo ya kioo, palepale kifuniko kinapojisokota. Bati juu, kioo chini, fataki katikati, na mkono wa mwanamume aliyekaza nati za trekta maisha yake yote.

"Usifunge! Mbegu ya dawa huachwa wazi. Ikifunikwa huchacha."

Delmer akamtazama kwa shaka. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Mwaka ule wa mvua nyingi."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, mbele ya baba yangu."

Akafikiri. Uso ukamlegea kwa fahari. "Basi ni kweli," alisema, akarudisha kifuniko mfukoni, akampa mkono amwinue.

Arlys alimshika mkono huo, na hakuuachia mpaka walipozunguka gereji, mpaka alipomfungulia mlango wa pikapu na kumkalisha ndani na kuwasha moto wa gari. Ndipo akarudi mlangoni mwa nyumba mara moja tu, akachukua koti lenye simu kwenye kigingi, akalifunga pazia la mlango kama vile pazia linaweza kuzuia kitu. Akampigia Wade Haugland, naibu wa sherifu, aliyekuwa mwanafunzi wa Delmer zamani na bado alikuwa akimwita mwalimu.

Wade alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akauliza, "Amezimwaga? Mwalimu?" na sauti yake ikawa ya kijana.

"Wade, mwanangu, njoo tu."

"Msirudi ndani. Msikanyage hilo zulia. Kaeni garini, mbali na chupa, na usiende kuiangalia hata ukijisikia kwenda."

Alijisikia kwenda. Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Dakika arobaini walizosubiri, kila mara aliwaza kuku mmoja ametoka, mbwa wa jirani amefika, chupa imeinama. Delmer alilala karibu naye, mdomo wazi, na Arlys alikaa akiutazama ule mdomo, meno yale, mpaka machozi yakamtoka na akayaacha yatoke. Mguu ulianza kurudi na uchungu wa moto.

Wade alikuja, akatazama kwa mbali na darubini, akaita kikosi cha mabomu kutoka Great Falls. Walifika jua likiwa bado juu ya vichaka. Kiongozi wao alikuwa sajini mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya upole, jina lake Petrakis. Aliuliza ni ngapi. Arlys hakujua. Wade akaenda chini ya ngazi akarudi na mfuko wa takataka: maboksi matupu ishirini na moja, kila moja la fataki mia, yamepangwa vizuri moja juu ya jingine, kama kazi zote za Delmer.

"Elfu mbili na mia moja," alisema sajini. Kisha akawasogeza watu wake nyuma hatua nyingine thelathini.

Hawakuibeba ile chupa. Waliweka kilipuzi chao pembeni yake, wakajibanza nyuma ya gari lao, mmoja akapaza sauti ya onyo mara tatu. Arlys alikuwa ndani ya pikapu barabarani, mbali kabisa, na bado mshindo ulimpiga kifuani kama mlango. Theluji ikaruka juu nyeusi. Kioo cha lori la zamani, kilichostahimili mvua ya mawe miaka thelathini, kikamwagika chote. Bandani kuku walinyamaza.

Delmer akazinduka. "Nani huyo anapiga?"

"Ni Wade."

"Mwambie avae miwani," alisema, akafumba macho tena.

Kazi ya ndani ilichukua muda zaidi ya ile ya nje. Sajini Petrakis alipiga magoti jikoni na tochi, akaziokota moja moja. Nne kwenye zulia. Mbili kwenye kitambaa cha kiti. Moja mfukoni mwa sweta, walipomvua Delmer. Na moja chini ya jiko la kuni, ukutani kabisa, kule ilikorukia. Hiyo aliitazama kwa muda, akaitia kwenye kijaluba chake peke yake.

"Ile ya mdomoni?" Arlys aliuliza.

"Nadhani."

"Nionyeshe."

Sajini akafungua kijaluba. Ile shaba ilikuwa na alama ubavuni, kidogo tu, kama ya nta iliyobonyezwa kwa ukucha.

"Ingelipuka?"

"Sijui, mama," alisema sajini. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na sipendi kubahatisha."

Layne alikuja usiku huohuo kutoka Billings, akalia mezani kama mtoto, akisema ni kosa lake. Arlys alimwambia si kosa la mtu, ingawa hakuwa na hakika.

Asubuhi yake Delmer aliamka akiwa na akili zake. Ilitokea hivyo mara chache, bila kubisha hodi. Alisimama dirishani na kikombe cha kahawa, akaliona lile doa jeusi nyuma ya lori na kioo kilichomwagika. Akaliona na boksi moja tupu ambalo Wade alilisahau kwenye kaunta. Akalichukua, akachungulia ndani, akahesabu kwa ncha ya kidole vile vitanda mia visivyo na mtu.

"Arlys," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina kwa wiki nyingi. "Nilifanya nini?"

Alitaka kudanganya. Jana alidanganya vizuri sana. Lakini aliyesimama pale leo alikuwa mume wake, na huyo hakuwahi kumdanganya. Akamweleza yote, tangu zulia mpaka taya.

Delmer aliketi. Alikuwa amekuwa mweupe kama ukuta. Aliweka mikono yake mezani, akaitazama, na Layne na mama yake wote wawili walijua kinachofuata, lakini safari hii hakuificha.

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza.

"Pale kwenye friji."

Alipima kwa macho umbali kutoka kiti mpaka friji. Alipima mara mbili. "Hapo usingepona," alisema. "Ungetoka nje, Arlys. Kwa nini hukutoka?"

"Niliwaza kutoka."

"Siku nyingine toka."

Delmer akageukia mtoto wake, na kwa muda sauti ya mwalimu ikarudi. "Badilisha kufuli la kila kabati, leo. Si kesho, kesho sitakuwepo. Na mtafute nyumba nzima. Sikumbuki nimeweka nini wapi. Mtu wa kuogopwa humu ndani ni mimi, mnaelewa? Msinionee haya."

Wakaanza, Wade akiwa amerudi kungoja nje na gari lake. Layne alichukua gereji, Arlys akachukua nyumba. Delmer alimfuata mkewe chumba hadi chumba, lakini hakukubali kugusa kitu. Alisimama kila mlango, mikono ameifumbata nyuma, akimwelekeza. "Polepole droo hiyo. Usiivute kwa nguvu. Inua vitu, usiviburute. Vaa miwani yangu, ndiyo, hata kama huoni vizuri." Katika kabati la mashuka walipata boksi moja zima, halijafunguliwa, limefungwa kwenye taulo. Arlys alilibeba mpaka kwa Wade nje kwa hatua za bibi harusi, na aliporudi Delmer alikuwa bado amesimama palepale, jasho limemtoka, anauliza kama amefika salama.

Walifika chumba cha kushonea karibu saa sita. Arlys alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya cherehani, amebakiza droo moja ya chini, aliposikia kimya nyuma yake. Akageuka. Delmer alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Mikono ilikuwa imeachana nyuma ya mgongo, inaning'inia tu.

"Tunatafuta nini, mama?" aliuliza kwa upole.

Alimtazama machoni, akamtafuta, hakumwona.

"Hamna kitu, mzee wangu. Tumemaliza. Nenda kwa Layne, akupe supu."

Alisikiliza nyayo zake zikienda mpaka jikoni, akasikia kiti kikivutwa, akasikia Layne akimkaribisha. Ndipo akaweka miwani sawa puani, akashika kipete cha ile droo kwa vidole viwili, akaivuta unene wa uzi, na unene wa uzi mwingine. Ndani mlikuwa na vifungo, mkasi mbovu, na mabaki ya uzi wa sufu. Aliinua kimoja kimoja, hata vifungo. Alipomaliza alibaki amekaa sakafuni kwa muda mrefu, mgongo ukutani, akiwasikia wanaume wawili wakila.